Kloridi ya kalsiamu maabarani: mwongozo kamili wa kuishika, kuitumia na kuihifadhi kwa usalama

Miongoni mwa kemikali zinazokaa katika rafu za maabara, kloridi ya kalsiamu ni mojawapo ya zile ambazo watu huzifungua bila hata kutafuta miwani ya kinga. Sababu inaeleweka. Ni chumvi nyeupe isiyo na harufu, haiwaki moto, hailipuki, na ile iliyosafishwa kwa kiwango cha chakula huruhusiwa kuongezwa katika vyakula kwa namba E509. Mtu aliyetoka kushughulika na asidi kali huiona kuwa chumvi tu, na huishika kama chumvi tu. Hata hivyo, lebo ya chupa hiyo hiyo ina alama nyeusi ya mshangao ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu, neno la tahadhari «Onyo», na maelezo kwamba kemikali hii husababisha muwasho mkubwa wa macho. Maelezo hayo hayakuwekwa kwa ajili ya kutimiza taratibu tu.

Mwongozo huu unafuata safari yote ya kemikali hiyo, tangu chupa inapopokelewa hadi inapotupwa ikiwa tupu. Hoja inayouongoza ni moja: hatari ya kloridi ya kalsiamu na manufaa yake vinatoka katika tabia ile ile, yaani kiu yake ya maji. Anayeielewa kiu hiyo ataweza kukisia mwenyewe karibu kila kanuni itakayofuata, na atajua la kufanya hata pale ambapo kanuni haikuandikwa.

Fahamu kwanza unachokishika

Kloridi ya kalsiamu huuzwa katika sura zaidi ya moja, na sura hizo hazifanani kwa hatari wala kwa matumizi. Iliyo kavu kabisa, CaCl₂, ina uzito wa gramu 110.98 kwa moli, yaani kipimo cha wanakemia cha wingi wa chembe. Iliyoshikana na molekuli mbili za maji ina gramu 147.01 kwa moli, na iliyoshikana na molekuli sita ina gramu 219.08. Iliyo kavu kabisa ndiyo yenye kiu kubwa zaidi, na ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Inapoyeyuka majini, kloridi kavu hutoa joto la takriban kilojuli 81 kwa kila moli. Ukitaka kuiona namba hiyo kwa macho, chukua mfano wa gramu 20 zinazoyeyushwa katika mililita 100 za maji: joto la myeyusho linaweza kupanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi au zaidi katika muda mfupi. Ukiongeza kiasi hicho mara mbili na kukimwaga chote kwa pamoja, unaweza kukaribia kiwango cha kuchemka, na matone ya moto yenye chumvi nyingi yakaruka kutoka kwenye bika, yaani kikombe cha maabara. Yenye molekuli mbili za maji pia hutoa joto, lakini kidogo zaidi. Yenye molekuli sita hufanya kinyume: hufyonza joto inapoyeyuka, na ndiyo maana hutumika pamoja na barafu kutengeneza mchanganyiko wa kupoozea.

Tabia ya pili ni kunyonya unyevu wa hewani. Katika joto la kawaida la chumba, unyevu wa hewa ukizidi takriban theluthi moja ya kiwango chake cha juu, punje zilizoachwa wazi hazitaishia kulowa tu, bali zitaendelea kunyonya maji mpaka ziyeyuke na kuwa kimiminika. Vyumba vingi vina unyevu unaozidi kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Punje iliyodondoka pembeni mwa mizani asubuhi itakuwa tone jioni, na tone hilo halitakauka lenyewe, hata ukilisubiri wiki nzima.

Sasa fikiria punje hiyo hiyo ikiwa juu ya mboni ya jicho. Inanyonya machozi, inatoa joto inapoyanyonya, na inabaki kuwa myeyusho mzito wa chumvi juu ya ngozi laini kuliko zote mwilini. Mambo hayo matatu hutokea kwa wakati mmoja. Aidha, kloridi iliyokaushwa kwa moto mkali mara nyingi huwa na mabaki kidogo ya chokaa, kwa hiyo myeyusho wake huelekea upande wa alkali, na alkali huongeza madhara kwa jicho. Ndiyo sababu tahadhari kuu ya lebo imeelekezwa machoni.

Ngozi kavu na nzima kwa kawaida huvumilia mguso mfupi. Ngozi iliyolowa jasho, yenye mchubuko, au iliyobanwa pamoja na punje chini ya pete, saa au glovu haivumilii. Mguso wa muda mrefu unaweza kuleta kuungua, na kuna hali inayojulikana katika tiba ambapo chembe za kalsiamu hujikusanya ndani ya ngozi na kuacha uvimbe mgumu, wakati mwingine siku nyingi baada ya mguso wenyewe. Vumbi lake nalo huwasha pua na koo, na likimezwa huunguza kinywa na tumbo.

Soma lebo na karatasi ya usalama kabla ya kufungua kifuniko

Alama na maneno yaliyo kwenye lebo hufuata mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuweka lebo za kemikali, ambao toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 2003. Katika mfumo huo, msimbo H319 maana yake ni kwamba kemikali husababisha muwasho mkubwa wa macho. Misimbo inayoanza na P ni maagizo ya tahadhari: P264 inahusu kunawa vizuri baada ya kazi, P280 inahusu vifaa vya kinga, na mfuatano wa P305, P351 na P338 unaeleza namna ya kusuuza jicho. Neno «Onyo» hutumika kwa hatari za ngazi ya chini kuliko zile zinazopewa neno «Hatari», lakini ngazi ya chini haina maana ya kutokuwa na madhara.

Karatasi ya taarifa za usalama inayotolewa na mtengenezaji huwa na sehemu 16 zenye mpangilio uleule kwa kemikali zote. Hakuna anayelazimika kuzikariri zote, lakini kila anayetumia kemikali hii ajue sehemu ya 4 inahusu huduma ya kwanza, ya 6 kumwagika, ya 7 kushika na kuhifadhi, ya 8 vifaa vya kinga, ya 10 vitu visivyopatana nayo, na ya 13 utupaji wa taka. Karatasi hiyo ikae mahali ambapo mtu mwenye jicho moja lililofumba anaweza kuifikia au mwenzake akamsomea. Kuifungia katika kabati la ofisi ambayo msimamizi wake hayupo ni sawa na kutokuwa nayo.

Jiandae: miwani, glovu na maji yaliyo karibu

Kinga ya macho ndiyo ya kwanza, na hapa aina ya miwani ina umuhimu. Miwani ya kawaida ya kusomea haitoshi. Miwani ya kinga yenye vioo vya pembeni inafaa unapopima punje kubwa chache, lakini ukishughulika na unga, ukivunja mabonge au ukiyeyusha kiasi kikubwa, vaa ile inayobana usoni pande zote. Vumbi halipiti mbele tu. Hushuka kutoka juu, kupitia uwazi ulio kati ya paji la uso na fremu. Anayevaa lenzi za machoni ni vyema azivue kabla ya kazi, kwa kuwa punje ikinaswa chini ya lenzi ni vigumu kuisuuza.

Kisha vaa koti la maabara lililofungwa vifungo, lenye mikono mirefu, na glovu za nitrili (aina ya mpira wa sintetiki) ambazo ncha zake zimefunikwa vizuri na mkono wa koti. Vua pete na saa. Viatu viwe vya kufunika mguu wote. Viatu vya ngozi huharibiwa na kemikali hii, kwani huifyonza na kukakamaa, hivyo vya mpira au vya sintetiki vinafaa zaidi kwa anayeishughulikia mara kwa mara.

Ukifanya kazi na unga laini, ifanye ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa. Lisipokuwapo, chagua meza isiyopigwa na upepo wa dirisha au wa feni na uvae barakoa ya kuzuia vumbi. Mwisho, hakikisha umejua lilipo bomba la kuoshea macho na kwamba linatoa maji. Lijaribu kwa kulifungua. Bomba ambalo halijafunguliwa kwa miezi mingi hutoa kwanza maji yenye kutu, na si vizuri kuligundua hilo siku ya ajali.

Kupima na kuyeyusha

Anza kwa kuandaa kila kitu kabla ya kufungua chupa, kwa sababu kila dakika chupa inapokaa wazi kemikali inaharibika. Bika la kupimia liwe limekwisha kuwekwa juu ya mizani na mizani imerudishwa sifuri. Kwa kuyeyushia, chagua bika la pili la kioo kinachostahimili joto, lenye ujazo usiopungua mara mbili ya myeyusho unaoutaka. Usipimie juu ya karatasi, kwani punje huanza kushikamana nayo zinapolowa na hesabu yako huvurugika.

Fungua chupa ikiwa mezani, chini ya usawa wa macho, wala usiinamie mdomo wake kuangalia kilichomo. Chota kwa kijiko cha plastiki au spatula safi iliyokauka. Iliyolowa hata kidogo itatengeneza bonge ndani ya chupa. Weka kiasi unachohitaji taratibu, na ukizidisha, usirudishe ziada chupani. Funga kifuniko mara moja, kabla hata ya kusoma namba ya mwisho kwenye mizani. Hapa ndipo watu wengi huteleza: husoma, huandika katika daftari, hujibu swali la mwenzao, na chupa iko wazi muda wote huo.

Hakikisha pia kwamba hesabu yako inalingana na sura ya kemikali iliyo chupani. Kwa lita moja ya myeyusho wa moli 0.1, utahitaji gramu 11.1 za iliyo kavu kabisa, lakini gramu 14.7 za ile yenye molekuli mbili za maji. Chupa iliyokwisha kunyonya unyevu haiko katika hali yoyote kati ya hizo mbili, na uzito wake hauwezi kuaminiwa. Ikibidi kuitumia kwa kazi inayohitaji usahihi, tengeneza myeyusho kwa makadirio kisha pima kiwango chake kwa titresheni ya EDTA, yaani kwa kuongeza taratibu kemikali inayoshikana na kalsiamu mpaka yote ishikwe.

Sasa kuyeyusha. Tia maji baridi katika bika la pili kwanza, kisha ongeza kloridi kidogo kidogo huku ukikoroga, ukisubiri kila sehemu iyeyuke na joto litulie kabla ya kuongeza nyingine. Kamwe usimimine maji juu ya rundo la kemikali kavu. Maji machache yanapokutana na chumvi nyingi, joto lote hujikusanya katika kimiminika kidogo ambacho huchemka papo hapo na kuruka, na sehemu ya kwanza kufikiwa ni uso wa aliyeinama kutazama. Kwa kiasi kikubwa, liweke bika ndani ya beseni la maji ya barafu.

Usiyeyushie kemikali hii ndani ya flaski ya ujazo maalumu. Shingo yake nyembamba huzuia joto kutoka, na kioo chake kikipashwa moto hutanuka na kufanya alama ya ujazo isiwe sahihi. Yeyusha katika bika, acha myeyusho upoe hadi joto la chumba, hamishia katika flaski, suuza bika kwa maji kidogo ukiyaongeza humo humo, ndipo ujaze hadi alama. Vilevile, usifunge chupa ya kuhifadhia wakati myeyusho bado una joto, kwani hewa iliyo juu yake itakaponywea baada ya kupoa itavuta kifuniko kiasi cha kukifanya kigumu kufungua, na chupa nyembamba ya plastiki inaweza kubonyea.

Inapotumika kama kikaushio

Maabara nyingi hazinunui kloridi ya kalsiamu kwa ajili ya myeyusho, bali kwa ajili ya kukaushia. Katika desiketa, yaani chombo kinachofungwa kabisa ili kilichomo kikauke au kibaki kikavu, tandaza punje ndani ya sahani iliyo chini ya bamba lenye matundu, bila kuijaza hadi juu, kwa sababu zikiyeyuka kimiminika huongezeka na kinaweza kumwagika kikagusa unachokausha. Zikaguliwe kila mara desiketa inapofunguliwa. Punje zilizong'aa kwa unyevu na kushikamana zimekwisha kazi. Kifuniko cha desiketa kisogezwe kwa kuteleza pembeni, kisivutwe juu kwa nguvu, na kama desiketa imetolewa hewa, hewa irudishwe polepole ili mkondo wake usirushe unga.

Bomba la kukaushia linalowekwa juu ya kondensa, kifaa kinachopoza mvuke uwe kimiminika tena, linastahili neno la pekee, kwa kuwa hapo kemikali ya kuwasha inaweza kuzaa ajali ya aina nyingine kabisa. Kazi ya bomba hilo ni kuruhusu hewa ipite huku unyevu ukizuiwa. Punje zinaponyonya unyevu, upande uliotazama chumba hulowa kwanza, ukawa utepe wa chumvi iliyovimba, kisha tope, kisha kizibo kigumu kilichojaza upana wote wa bomba. Kwa nje bomba bado linaonekana jeupe na limejaa vizuri. Ukipasha moto flaski iliyo chini yake, mfumo huo sasa umefungwa, shinikizo linapanda, na kiungo dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachoruka. Kwa hiyo, kabla ya kila matumizi, pitisha hewa kidogo kwa mpira wa kupulizia na uhakikishe inatoka upande wa pili. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi yako ina unyevu na punje zinaweza kukurudia. Tumia punje kubwa badala ya unga, zishikilie kwa pamba au sufi ya kioo iliyolegea pande zote mbili, na ubadilishe zote zinapoanza kushikamana.

Kuna vitu ambavyo kemikali hii haipaswi kuvikausha. Amonia na alkoholi hushikana nayo zikatengeneza mchanganyiko mwingine badala ya kutoa maji tu. Vitu vyenye asidi navyo huweza kuathiriwa na mabaki ya chokaa niliyoyataja. Iliyokwisha kutumika kukausha kiyeyushi kinachowaka, kama vile etha, imebeba kiyeyushi hicho ndani yake. Isitiwe ndani ya oveni ili irudishiwe ukavu wake, wala isitupwe katika kapu la takataka, bali ihesabiwe kuwa taka inayowaka. Ile iliyonyonya maji matupu inaweza kukaushwa tena kwa joto linalozidi nyuzi 200, ndani ya chombo kinachostahimili moto, kisha ipoezwe ndani ya desiketa.

Vitu visivyopaswa kukutana nayo

Kloridi ya kalsiamu ni tulivu kuliko kemikali nyingi, lakini ina maadui wachache. Ikikutana na asidi ya salfuriki iliyokolea hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni, inayochoma pua na mapafu vibaya kuliko vumbi la chumvi yenyewe. Kosa hili hutokea kirahisi katika chumba ambamo desiketa mbili hutumika, moja ikiwa na asidi hiyo na nyingine ikiwa na kloridi, na zote zikamwagwa katika chombo kimoja cha taka.

Myeyusho wake hula metali nyingi, na ukikaa juu ya zinki hutoa haidrojeni polepole. Ndoo au pipa la mabati, ambalo uso wake umepakwa zinki, halifai kabisa kuhifadhia myeyusho huo: gesi itajikusanya, na chombo kilichofungwa kinaweza kupasuka au gesi ikashika moto. Alumini nayo haifai. Hata chuma cha pua, ambacho wengi hukiamini, hudhurika kikiachwa na unyevu wa kloridi kwa muda mrefu, kwa hiyo spatula na bamba la mizani vioshwe na kukaushwa siku hiyo hiyo.

Kuhifadhi

Kazi ya kuhifadhi kemikali hii kwa kweli ni kazi ya kuizuia isipate maji. Chombo kinachofaa ni chupa ya plastiki nzito au ya kioo yenye kifuniko cha kusokota na pete ya ndani inayobana. Chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo kilichosagwa isitumike. Chumvi hupanda katika nafasi ndogo iliyo kati ya kizibo na shingo, huyeyuka, huganda tena, na siku utakayohitaji kuifungua utalazimika kutumia nguvu ambayo kioo hakiwezi kuivumilia. Kama kemikali ilikuja ndani ya mfuko wa plastiki uliomo katika kopo, mfuko huo usitupwe. Ukunje na kuufunga kila unapomaliza, kisha funga kopo. Kwa chupa isiyofunguliwa mara kwa mara, zungushia kifuniko utepe unaozuia hewa.

Anayetumia kiasi kidogo kila siku afanye jambo moja litakalomwokolea mengi: agawe chupa kubwa katika chupa ndogo mara tu inapofunguliwa, siku yenye hewa kavu ikiwezekana, na kila chupa ndogo iwekewe lebo kamili. Chupa moja ndogo ikiharibika, nyingine zinabaki salama. Lebo hiyo iandike jina la kemikali, sura yake kama ni kavu kabisa au ina maji, alama ya mshangao, neno «Onyo», maelezo ya muwasho wa macho, tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kufunguliwa. Lebo iliyoandikwa «CaCl₂» pekee haimwambii anayekuja baadaye kama apime gramu 11.1 au 14.7, wala haimwambii avae miwani.

Mahali pa kuhifadhi pawe pakavu, penye hewa ya kutosha, mbali na sinki, jiko la maji na ukuta unaovuja. Rafu iwe chini ya usawa wa macho. Kanuni hii hutajwa kwa kemikali zote, lakini kwa inayodhuru macho ina uzito wa pekee, maana anayeshusha chupa kutoka rafu ya juu huinua uso kuitazama, na kama kifuniko hakikukazwa, punje zitashukia pale pale zisipotakiwa. Weka chupa ndani ya trei ya plastiki yenye kingo, ili chupa ikivuja kimiminika kisitambae hadi kwenye chupa za jirani na kufuta lebo zake. Inaweza kukaa pamoja na chumvi nyingine tulivu, lakini si pamoja na asidi zilizokolea, unga wa metali, wala vyakula. Ile ya maabara isiliwe kamwe, hata kama kopo linafanana na la kiwango cha chakula, kwa kuwa vijiko visivyojulikana vimekwisha kuingia humo.

Kagua chupa zote walau mara moja kwa mwezi. Zishike na kuzitikisa polepole: punje zinapaswa kusikika zikicheza. Chupa iliyonyamaza imekuwa jiwe. Chupa yenye tone sehemu ya nje inavuja au ilifungwa ikiwa chafu. Iliyogeuka jiwe isigongwe kwa nyundo wala kuchokolewa kwa bisibisi, kwani vipande huruka na kioo hupasuka. Sehemu yake ya nje imelowa, ila ya katikati inaweza kuwa bado kavu na yenye joto la kutoa. Vaa miwani inayobana, iweke chupa ndani ya ndoo ya plastiki, ongeza maji baridi kidogo kidogo mara kadhaa huku ukisubiri, na uiache bila kufungwa mpaka yote iyeyuke.

Ajali ikitokea

Jicho. Usilisugue. Nenda moja kwa moja kwenye maji, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, na usuuze kwa maji mengi yasiyo na nguvu kwa muda usiopungua dakika 15. Baada ya kuanza kusuuza, vua lenzi kama ipo na inatoka kirahisi. Geuza mboni pande zote na uinue kope ya juu, kwa sababu punje hupenda kujificha chini yake na kuendelea kuyeyuka pale. Usitie kitu kingine chochote cha kupunguza makali. Maumivu, wekundu au ukungu wa kuona vikiendelea, nenda kwa daktari ukiwa na karatasi ya usalama. Na kama kilichoingia kilikuwa punje ngumu, nenda hata kama unajisikia vizuri.

Ngozi. Hapa mpangilio wa hatua ni muhimu: pangusa kwanza punje zote zikiwa kavu, kisha osha kwa maji mengi yanayotiririka. Kitambaa kilicholowa kidogo huongeza joto juu ya ngozi badala ya kuliondoa. Vua glovu na nguo zilizoingiwa. Eneo hilo liangaliwe kwa siku kadhaa zinazofuata.

Aliyevuta vumbi apelekwe penye hewa safi. Aliyemeza asuuze kinywa, anywe maji kidogo kama ana fahamu, asilazimishwe kutapika, na atafutiwe daktari.

Kumwagika na kutupa

Kemikali kavu ikimwagika, ifagie ikiwa bado kavu kwa brashi laini na kizoleo cha plastiki, bila kutimua vumbi, na uitie katika chombo cha taka chenye lebo. Usiirudishe chupani. Kisha futa sakafu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji mengi, suuza kitambaa, urudie, na mwishoni ukaushe. Marudio hayo hayaepukiki, kwa kuwa utando mwembamba uliobaki utavuta unyevu usiku kucha na kuiacha sakafu ikiteleza siku inayofuata, wakati hakuna tena anayekumbuka kwamba kuna kilichomwagika hapo. Fikiria pia miguu ya meza na maungio ya chuma yaliyo karibu, ambayo huanza kupata kutu.

Myeyusho mwepesi usiochanganyika na kitu kingine, ukiwa wa kiasi kidogo na kama kanuni za mahali zinaruhusu, unaweza kumiminwa kwenye bomba la maji machafu pamoja na maji mengi. Uliogusana na metali nzito, viyeyushi au dawa nyingine hufuata utaratibu wa taka wa kitu hicho kingine, maana ndicho chenye hatari kubwa zaidi. Chupa tupu isuuzwe mara kadhaa kwa maji mengi, ya kwanza yakitiwa kwa uangalifu kwa sababu ya punje zilizobaki pembeni, lebo yake ifutwe au ibanduliwe, na jina lake liondolewe katika daftari la kemikali siku hiyo hiyo.